Jumba la Kipande na damu ya 1922

Mabishano kuhusu Maisha Namba, namba mpya ya utambulisho wa Wakenya, yalipofika mahakamani, tulisikia mengi juu ya usiri wa data na gharama. Hatukusikia sana juu ya jumba la mawe linalosimama Barabara ya Kenyatta inapokutana na Loita, jijini Nairobi. Humo ndimo Waafrika walimoandikishwa na kupewa vipande.

Gurdit Singh Nayar alilijenga mwaka 1913, na hadi 1935 hapakuwa na jengo refu kulishinda mjini.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, lakini vita vikaichelewesha hadi mwisho wa 1919. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuvaa shingoni kipande, yaani kijisanduku cha bati kwa kamba. Ndani mlikuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mshahara, na sahihi ya mwajiri. Sahihi hiyo ndiyo iliyouma. Bila mlowezi kukubali kwa kalamu kwamba amekuachilia, ulihesabiwa mtoro, ukakamatwa na kutozwa faini au kufungwa.

Mwaka 1921 walowezi walipoamua kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, Harry Thuku, kijana aliyepokea simu katika Hazina ya serikali, akaanza kuhutubia mikutano. Alipinga kipande, kodi ya vibanda, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Alikamatwa Machi 14, 1922.

Yaliyofuata yamo katika tawasifu yake iliyotoka 1970. Maelfu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Machi 16 wajumbe wao walikwenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiwasihi watu waende nyumbani. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru, mama kutoka Weithaga, akajitokeza mbele, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue wao, yeye wampe suruali zao, kwa kuwa ni waoga na kiongozi wao yumo ndani. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga hadi kwenye singe za askari, risasi zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Inasimuliwa kwamba hata Wazungu waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk walifyatua bunduki. Serikali ilitaja maiti 21. Wananchi walisema ni wengi kuliko hao.

Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu, asirejee hadi miaka ya thelathini mwanzoni. Kipande kiliondolewa 1947.

Benki ya Biashara ya Kenya ilinunua jumba hilo 1976, na mpaka leo watu huingia humo kuweka na kutoa pesa. Kulihifadhi kumeiletea benki hiyo heshima, hasa katika jiji ambalo kila kiwanja kinamezewa mate na wajenzi wa maghorofa ya vioo. Lakini kuta peke yake hazitoshi. Mwanafunzi anayekariri jina la Thuku ili apite mtihani aletwe aone mlango huu, kisha apite Loita kwa miguu hadi University Way, avuke aingie Barabara ya Harry Thuku, hapo Nyanjiru alipoanguka. Si mbali, na safari hiyo haina nauli.