Kanisa Kubwa la Beauvais: Mnara Uliotangulia Watu

Ndugu waseminari, tukisoma habari za makanisa makubwa ya Ulaya, tunashangaa ukubwa wake, lakini tunasahau kuuliza: yalijengwa kwa ajili ya nani? Kanisa la askofu la mji wa Beauvais, upande wa kaskazini wa Ufaransa, linatujibu vizuri, kwa kuwa mpaka leo halijamalizika.

Katika mwaka 1225, kisha moto kuharibu kanisa la zamani, askofu Milon de Nanteuil alianza kujenga kanisa jipya kwa heshima ya Mtakatifu Petro. Siku zile kila mji ulitaka kanisa lake lipite ya wengine. Watu wa Beauvais walipandisha dari lao la mawe karibu metre 48. Hakuna kanisa lingine la gotiko lililofika juu namna ile.

Katika ujenzi wa gotiko, uzito wa dari haukai juu ya ukuta mnene. Unashuka kwa nguzo, na kule nje mihimili ya mawe inazizuia nguzo zisitanuke. Hivi ukuta unaweza kupewa madirisha marefu ya vioo vya rangi. Lakini nguzo zikiachana sana, hatari i karibu. Mwaka 1284 sehemu ya dari ilianguka. Mafundi wakajenga tena, wakaongeza nguzo mpya kati ya zile za kwanza. Hata leo anayeingia anaziona.

Mwaka 1500 fundi Martin Chambiges alianza mikono miwili ya msalaba. Ilipokwisha, ilibaki sehemu ndefu ambamo wakristu wanakaa kusikiliza Misa. Basi makanoni walipaswa kuchagua: kujenga mahali pa watu, ao kusimamisha mnara? Wakachagua mnara. Ulimalizika mwaka 1569, wenye metre 153.

Mnara ule ulisimama juu ya nguzo nne za katikati. Mashariki zilitegemezwa na sehemu ya altare, kaskazini na kusini na mikono ya msalaba. Magharibi hapakuwa na kitu. Nguzo zikaanza kuinama. Mafundi walioitwa kuzipima walishauri zitegemezwe upesi, lakini kazi ilicheleweshwa. Tarehe 30 Aprili 1573, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, watu walikuwa wametoka kwa maandamano. Nyuma yao mnara ukaanguka. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu.

Tangu siku ile kanisa lina altare na mikono, lakini halina mwili. Pale palipotakiwa kuwa mahali pa watu, pangali na sehemu ya kanisa dogo la karne ya 10, linaloitwa Basse-Œuvre. Lile nyenyekevu limesimama. Mnara haukupita miaka minne.

Sithubutu kuwahukumu wazee wale. Walitaka kumtukuza Mungu, na kazi ya mikono yao ni ya ajabu. Lakini angalieni vema: kilichokosekana chini ya mnara ni mahali pa watu. Wangalijenga hapo kwanza, kuta zake zingaliutegemeza.

Siku moja mtapewa misioni, nanyi mtatamani mnara na kengele. Si vibaya. Lakini padri naye ni mnara: asipotegemezwa na wakristu wake, ataanguka, hata akiwa mrefu namna gani. Tuanze basi na mahali pa watu.