Seriamu: Sehemu Moja katika Mia

Tukiwasha brike, twaona cheche, nasi twadhani ni jiwe tu. Kumbe ni madini yaliyochanganywa na chuma. Jina lake ni seriamu, na jina hilo latoka kwa kazi ya padri.

Tarehe 1 Januari 1801, kule Palermo katika Sicilia, Padri Giuseppe Piazzi wa shirika la Wateatini aliona angani nyota ndogo isiyojulikana. Akaiita Ceres. Mwaka 1803, Berzelius na Hisinger walichunguza jiwe zito la machimbo ya Bastnäs, Uswidi, wakaona ndani yake udongo mpya. Wakaupa jina la nyota ile. Klaproth, huko Ujerumani, aliuvumbua mwaka ule ule. Lakini madini yenyewe safi yalipatikana mwaka 1875 tu.

Je, yalifaa nini? Kwa miaka mingi, karibu bure. Ndipo Carl Auer von Welsbach, mtu wa Austria, alipotafuta kuongeza mwanga wa taa za gazi. Manshoni yake ya kwanza, ya mwaka 1885, ilitoa mwanga wa kijani, tena ilivunjika upesi. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 akapata kipimo: sehemu 99 za toriamu na sehemu 1 ya seriamu. Toriamu peke yake huangaza kidogo sana. Sehemu ile moja ndiyo iletayo mwanga mweupe. Ndiyo manshoni iliyotumika hata katika taa za pompi, mahali pasipo na umeme. Siku hizi nyingi hutengenezwa bila toriamu, maana ina miali ya hatari.

Toriamu ilipotolewa katika mchanga wa monaziti, seriamu ilibaki chungu chungu kama takataka. Auer hakuyadharau masalio. Mwaka 1903 aliyachanganya na chuma, akapata jiwe la brike. Leo vumbi la seriamu hung'arisha vioo, tena husaidia kusafisha moshi wa motokari.

Wenye elimu huihesabu kati ya madini adimu. Lakini katika ardhi yote seriamu ni nyingi karibu sawa na shaba, ile tuijuayo sana Katanga. Haikukosekana, ilifichwa kati ya ndugu zake, ikangoja mtu mwenye saburi.

Basi sisi tusiseme upesi juu ya kitu, wala juu ya mtu: hafai. Katekista mmoja katika kijiji cha watu mia aweza kuwa sehemu ile moja iangazayo wote.