Alama za duara mabegani: safari ndefu ya pembe mpaka kwenye bwawa la kuogelea

Tarehe 7 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Michael Phelps wa Marekani aliogelea zamu yake katika mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, na ekipe yake ikachukua medali ya dhahabu. Kesho yake magazeti na televisheni za dunia hazikuongea sana juu ya dhahabu ile. Ziliongea juu ya bega lake. Lilikuwa na madoa ya duara, rangi ya zambarau iliyoiva, kila doa kubwa kama mdomo wa glasi. Mwenzake wa jimnastiki, Alex Naddour, alikuwa na madoa kama yale, na aliwaambia waandishi wa habari kwamba hiyo ndiyo siri yake ya mwaka ule ya kubaki mzima mazoezini.

Siku zile wengi waliandika kwamba wanamichezo wamegundua dawa mpya kutoka China. Huku mashariki ya Kongo, mzee aliyewahi kuwekewa pembe mgongoni hangehitaji maelezo. Angeshangaa kitu kimoja tu: kwamba hakuna mahali palipochanjwa.

Jambo hili lina jina la zamani. Kwa Kiswahili ni kuumika, na chombo chake kinaitwa chuku. Kwa Kinyarwanda na Kirundi ni kurumika. Wabemba wa Haut-Katanga na Zambia wanasema ukusumika. Ukitazama vizuri, ndani ya kila neno mna tendo la meno: kuuma, kuruma, ukusuma. Kuumika ni kufanya kitu kiume mwili. Lugha zilizotawanyika hivyo, kutoka milima ya Kivu mpaka pwani ya bahari na mpaka nchi za shaba, hazikukaa mkutano ili zichague neno moja. Zimelitoa mbali. Kwa hiyo anayesema kuumika kumeingia kwetu na Olimpiki anaweza kujibiwa na kamusi tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtaalamu alichukua pembe ya ng'ombe au ya mbuzi, akaisafisha ndani, akatoboa tundu dogo kwenye ncha. Aliweka mdomo mpana wa pembe juu ya ngozi, pale penye maumivu: mgongo, bega, kiuno, kichwa. Alinyonya hewa kwa ile ncha, kisha akaziba tundu kwa nta. Ngozi ilivutwa juu ndani ya pembe na pembe ikabaki imeshika bila mkono. Mara nyingi aliitoa baada ya muda, akachanja mistari midogo kwa wembe au kisu kidogo, akairudisha ili damu itoke. Ile damu nyeusi iliyoganda ndani ya pembe ndiyo mgonjwa alionyeshwa mwishoni, kama ushahidi kwamba ugonjwa umetoka. Walioenda kwake hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wabebaji wa mizigo, wakulima, wanawake waliopandisha kuni mlimani, watu ambao misuli yao ilifanya kazi kuliko ya mwogeleaji yeyote.

Wagiriki wa kale walikuwa na ya kwao ya shaba. Maandishi ya shule ya Hippocrates yanaeleza umbo la vyombo hivyo, vipana vikielekea kuwa vyembamba, na sababu ya umbo hilo kuvuta vizuri. Kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London, liko jiwe la kaburi la daktari wa Athens aitwaye Jason. Amechongwa akimpima mtoto mwenye tumbo lililovimba, na pembeni limechongwa chuku kubwa kupita kiasi. Wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa alama ya udaktari, kama leo tunavyomjua daktari kwa kile chombo cha kusikilizia moyo.

China nayo ilianza na pembe. Ge Hong, tabibu na mwandishi wa karne ya 4, aliandika juu ya pembe za wanyama zilizotumiwa kuvuta usaha. Mianzi na glasi vilikuja baadaye. Waislamu, wakiwemo wale wa Maniema, wanaijua kwa jina la hijama, na hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari inaitaja pamoja na asali kati ya vitu vyenye kuponya.

Na Ulaya, ile iliyokuja huku na kuwaita waganga wetu washenzi? Mwaka 1929 mwandishi Mwingereza George Orwell alilazwa na ugonjwa wa mapafu katika hospitali moja ya umma mjini Paris. Miaka mingi baadaye, 1946, alichapisha aliyoyaona. Daktari na mwanafunzi wake walimwekea mgonjwa wa kitanda kingine glasi ndogo zilizopashwa moto. Kisha wakageukia kitanda cha Orwell na kumwekea yeye glasi zilezile, bila kuziosha kwa dawa yoyote, wakamchanja, wakazirudisha zinyonye damu. Wale waliomdharau mponyaji wa kijijini kwa pembe yake walikuwa na glasi yao nyumbani. Neno la Kifaransa, ventouse, ambalo watu wa miji yetu wanalisema ventuzi, limetoka huko.

Baada ya hapo hospitali za Ulaya ya magharibi ziliacha polepole, dawa za viua vijasumu zilipopatikana. Lakini Urusi watu waliendelea kuwekeana glasi nyumbani kwa kikohozi na mafua, na China katika miaka ya 1950 iliipa kazi hii nafasi rasmi hospitalini. Ndiyo sababu wanamichezo wa nchi hizo hawakuiona kuwa kitu cha ajabu. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, mwogeleaji kijana wa China, Wang Qun, alipigwa picha akiwa na duara nyekundu mgongoni. Picha ilipita, hakuna aliyepiga kelele. Ilibidi zifike kwenye bega la Mmarekani mwenye medali nyingi kuliko mwanamichezo yeyote wa Olimpiki ndipo dunia iulize.

Kati ya pembe ya babu na vikombe vya Rio kuna tofauti moja kubwa. Vikombe vya wanamichezo ni vya plastiki au glasi, hewa inatolewa kwa pampu ndogo ya mkono au kwa moto, na hakuna kuchanja. Doa linalobaki ni damu ya mishipa midogo iliyopasuka chini ya ngozi, sawa na mtu aliyejigonga, nalo hufifia lenyewe ndani ya siku kadhaa au wiki mbili.

Je, inaondoa maumivu ya misuli? Hapa wauzaji wanasema mengi. Wanasema kikombe kinavuta "damu chafu" au asidi iliyobaki baada ya mazoezi. Lakini ile asidi ya misuli huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu yanayomshika mchezaji kesho yake na keshokutwa, anaposhindwa kushuka ngazi, yanatokana na nyuzi za misuli zilizoumia kidogo na mwili unaozitengeneza. Hakuna uchafu pale wa kunyonywa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 11 yaliyofanywa kwa wanamichezo 498 wa nchi mbalimbali. Mengi yalionyesha nafuu ya maumivu, lakini yalikuwa yamefanywa kwa udhaifu kiasi kwamba waandishi walikataa kushauri watu watumie au waache. Shida mojawapo ni rahisi kuelewa: mtu aliyewekewa kikombe anajua amewekewa, na anayetegemea nafuu mara nyingi huipata. Kwa mchezaji mwenye fainali kesho, hata hiyo inaweza kumtosha.

Kwa huyo mwenye kikombe kikavu hasara ni ndogo: madoa, pesa, na ngozi kuungua kama moto umetumiwa ovyo. Kijana wa mpira anayeona picha za Rio kwenye simu yake, kisha anaenda kwa mtu wa pembe na wembe akidhani ni kitu kilekile, yuko katika jambo lingine kabisa. Wembe uliopita kwenye mgongo wa mtu mmoja ukaingia kwenye wa pili unaweza kubeba homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya ukimwi. Pembe nayo ina damu ndani, ni vigumu kuosha hadi kwenye ncha, na anayenyonya anaweka mdomo wake pale. Kivu ya Kaskazini na Ituri hazihitaji kufundishwa njia ya damu: Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, na katika mji wa Beni baadhi ya vituo vidogo vya matibabu, vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano, vilikuwa kati ya mahali ugonjwa uliposambaa.

Ekipe ambazo zina mtu wa kinezi, yaani anayetibu viungo na misuli, zinaweza kumuomba vikombe vya pampu. Vinaoshwa kwa sabuni na kutiwa dawa baada ya kila mchezaji, haviwekwi juu ya kidonda, na haviwekwi kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwingine akileta wembe, mchezaji avae shati lake.