Mashine za kukata nyasi za nyumbani: petroli na betri katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Mashine ya kukata nyasi ni chombo chenye kisu kizungukacho, kiendeshwacho kwa injini, kwa mota ya umeme au kwa nguvu za mwenye kukisukuma, ambacho huzikata nyasi za uwanja zikabaki na kimo kimoja. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, ambako nyua nyingi hutunzwa hata leo kwa fyekeo na panga, chombo hiki huonekana aghalabu katika nyumba za wageni, misheni, shule na nyumba za watumishi, na kwa uchache katika nyumba za watu binafsi. Anayekusudia kukinunua hukabiliwa na njia mbili, petroli au betri, na makala haya yaeleza tabia za kila moja, gharama zake, na namna ya kuchagua kwa kuzingatia hali halisi ya nchi hizi za milima.

Chimbuko

Mashine ya kwanza ya namna hii ilibuniwa na Edwin Beard Budding wa Stroud, Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1830 baada ya kutazama katika viwanda vya nguo jinsi visu vilivyopangwa juu ya mche wa duara vilivyonyoa malaika ya kitambaa cha sufu, akatambua kwamba kazi ile ile yaweza kufanywa juu ya ardhi. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuuza mashine ya petroli mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea ile aina ambayo leo ndiyo ya kawaida, yenye kisu kimoja kinachozunguka chini ya kifuniko mfano wa pangaboi, hususan tangu Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, alipoanza kuuza mashine zake za Victa mwaka 1952.

Betri zilichelewa kuingia katika kazi hii, kwa kuwa zile za risasi na asidi zilikuwa na uzito mkubwa na nguvu haba; mlango ulifunguliwa na betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliiingiza sokoni mwaka 1991 kwa ajili ya vyombo vidogo vya kuchukulika, na ambayo baadaye ilikuzwa hata ikamudu kuzungusha kisu. Mwaka 2021 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kukomesha uuzaji wa injini ndogo mpya zitoazo moshi, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka 2024. Walakini hukumu iliyotolewa mahali ambapo kila mji una duka la vipuri vya betri haifai kuhamishiwa Rulenge wilayani Ngara au Nyakahura wilayani Biharamulo bila ya kupimwa upya.

Ardhi, mvua na nyasi

Ngara ni nchi ya vilima virefu vinavyotazamana na Burundi na Rwanda, na mji wake umekaa juu ya miinuko inayokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Biharamulo, ulikojengwa mji wake kando ya boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, iko chini kidogo na ardhi yake imetandaa zaidi. Mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, zikipungua kidogo katikati, kisha kiangazi hushika Juni hadi Agosti. Kwa hiyo nyasi hukua kwa kasi karibu miezi tisa, na katika majira hayo uwanja ulioachwa majuma matatu huwa si kazi ya mashine ndogo tena.

Yafaa kutofautisha aina mbili za nyasi. Ukoka, utambaao chini na kufunika udongo, hukatika kwa urahisi na mashine yoyote yenye kisu kikali. Nyasi ndefu za porini na matete ya kando ya mabonde huhitaji fyekeo, au ile mashine ya kufyeka inayobebwa begani, kwa kuwa mashine ya magurudumu ikiingizwa humo kisu hulemewa na injini huzima. Fauka ya hayo, majani yaliyokatwa ni mali katika nchi ya migomba na mibuni: hutandazwa shambani kuhifadhi unyevu na kuurutubisha udongo, au hupewa mbuzi. Mwenye migomba atanufaika zaidi na mashine yenye mfuko wa kukusanyia majani, ilhali asiye na shamba karibu anaweza kuyaacha yaoze pale pale uwanjani.

Mashine ya petroli

Mashine nyingi za petroli za kusukuma zina injini ya mipigo minne yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 140 hadi 190, ambayo hutumia oili yake peke yake na petroli isiyochanganywa. Zile za kufyeka za begani aghalabu ni za mipigo miwili, na petroli yake sharti ichanganywe na oili kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Fadhila yake kubwa ni kudumu kazini: tangi likiisha hujazwa, na kazi ya siku nzima katika kiwanja cha shule huendelea bila kungoja kitu. Fadhila ya pili, ambayo wengi huipuuza mpaka siku ya kuharibika, ni kwamba maarifa ya kuitengeneza yamo tayari katika kila kituo cha bodaboda, kwa maana fundi azibuaye kabureta ya pikipiki na kubadilisha plagi hashindwi na injini hii ambayo ni sahili kuliko ile.

Hata hivyo mashine ya petroli ina aibu zake. Injini ya namna hii hupungukiwa nguvu kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Juu ya vilima vya Ngara upungufu huo hukaribia sehemu moja ya tano, na kabureta iliyopimwa kwa nchi za pwani hupeleka petroli nyingi kuliko hewa, moshi ukawa mweusi na plagi ikaziba. Dawa yake ni kufungiwa jeti ndogo zaidi, na mnunuzi aombe jambo hilo mapema. Petroli nayo husafirishwa kutoka bandari ya Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,200, ndiyo maana bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzitangaza kila mwezi huwa juu katika wilaya hizi kuliko zile za pwani; na petroli ya vidumu inayouzwa mbali na vituo yaweza kuwa imetiwa maji au mafuta ya taa.

Mashine ya betri

Mashine ya betri huwaka kwa kubonyeza kitufe, haitoi moshi, haihitaji oili wala plagi, na sauti yake ni ya chini sana, jambo la thamani kwa nyumba iliyo karibu na wodi, darasa au mahali pa ibada. Mota yake haivuti hewa ya kuchomea, hivyo mwinuko wa Ngara hauipunguzii nguvu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 huhifadhi watisaa 180 za nishati, ambazo kwa ukoka mfupi na mkavu hutosha kukata mita za mraba 200 hadi 300. Nyasi zikiwa ndefu au zenye umande, eneo hilo hupungua kwa nusu na pengine zaidi.

Udhaifu wake umo ndani ya betri yenyewe. Kampuni nyingi hutengeneza betri zisizoingia katika mashine za kampuni nyingine, na kila mwaka uwezo wa kuhifadhi hupungua, hata baada ya miaka kadhaa mwenye mali hulazimika kununua nyingine kwa bei ambayo ni sehemu kubwa ya thamani ya mashine nzima. Ubao wa umeme unaoilinda ukiungua, fundi wa mtaani aghalabu hana kifaa cha kuupima wala kipuri cha kuubadilisha, na mashine njema husimama kwa sababu ya sehemu ndogo.

Yastahili kukumbukwa hapa kwamba ardhi ya Ngara yenyewe ina nikeli huko Kabanga, pamoja na shaba na kobalti, madini yatumikayo katika aina kadhaa za betri za lithiamu, na kwamba mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ya Tanzania ina hisa ya asilimia 16. Watu ambao madini ya betri yamo chini ya vilima vyao wana haki ya kutarajia kwamba ufundi wa betri nao utafundishwa katika vyuo vyao. Mpaka hapo, upungufu huo ni hesabu ambayo mnunuzi hana budi kuitia katika mizani.

Umeme na gharama

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na katika hali hiyo kuchaji betri kulikuwa kuchoma mafuta kwa njia ya mzunguko. Hali imegeuka tangu njia kuu za kilovolti 220 zilipofikishwa katika kituo cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na tangu kukamilishwa kwa mtambo wa maporomoko ya Rusumo, karibu na pale Mto Ruvubu unapoungana na maji yatokayo Rwanda, wenye megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa. Hata hivyo kukatika kwa umeme hakujakoma, na mwenye busara huchaji betri mara amalizapo kazi, asingoje asubuhi ya kukata. Kijijini kusikofika nguzo, paneli ya jua ya wati 100 pamoja na inveta yaweza kuijaza betri iliyotajwa kwa saa chache za jua kali.

Tuchukue uwanja wa mita za mraba 250. Mashine ya petroli itatumia kama robo lita, na madhali lita moja imewahi kupita shilingi 3,000 katika miaka ya karibuni, gharama ni shilingi 750 au zaidi kidogo. Betri itatumia pungufu ya robo uniti (kilowatisaa), na kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ambayo mteja wa kawaida wa nyumbani amekuwa akitozwa, haizidi shilingi 100. Tofauti hiyo hupendeza masikioni. Walakini mwenye kukata mara 30 kwa mwaka huokoa kama shilingi 20,000 tu, na ukiongeza oili na plagi akiba hupanda kidogo, lakini haifiki kwa upesi bei ya betri mpya. Alhasili, katika uwanja mdogo unafuu wa umeme peke yake hauitetei betri. Kinachoitetea ni utulivu, usafi, wepesi wa kuwasha, na kuepukana na safari za kutafuta petroli.

Matumizi na tahadhari

Kisu cha mashine yoyote huweza kurusha jiwe kwa kasi ya kumtoboa mtu jicho; kwa hiyo uwanja uokotwe mawe, mifupa na vipande vya waya kabla ya kuanza, watoto waondolewe, na mwendeshaji avae viatu vilivyofunika vidole. Katika miteremko, ambayo Ngara haina uhaba wake, mashine ya kusukuma hupitishwa kwa kukingama mlima, kamwe si kwa kupanda na kushuka, na palipo na mteremko mkali kazi iachiwe fyekeo. Injini ya moto isitiwe petroli, wala isiwashwe ndani ya stoo. Kabla ya kugusa kisu, toa waya wa plagi, au chomoa betri.

Nyasi zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya kimo chake kwa mara moja, na kisu kinolewe kila kinapoanza kuchana badala ya kukata. Kiangazi kikiingia na mashine ikapumzika, petroli imwagwe kutoka tangini na katika kabureta ili isigande humo. Betri ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu pasipopigwa na jua wala joto la bati. Oili chafu isimwagwe karibu na chemchemi, na betri iliyokufa isitupwe jalalani wala motoni, kwani huweza kulipuka.

Kuchagua

Mwenye uwanja wa ukoka usiozidi mita za mraba 300, mwenye umeme wa kuaminika na anayeweza kuagiza betri kutoka Mwanza au Dar es Salaam, atahudumiwa vema na mashine ya betri, hasa ikiwa nyumba yake imezungukwa na wagonjwa, wanafunzi au majirani wa karibu. Mwenye kiwanja kikubwa, cha shule au cha misheni, au mwenye nyasi zinazorefuka kabla ya kukatwa, au aliye mbali na nguzo za umeme, achague petroli, na ahakikishe kabureta imerekebishwa kwa mwinuko wa mahali pake. Na mwenye ua mdogo mbele ya nyumba, pamoja na kijana mwenye nguvu na fyekeo lililonolewa, hana deni la mashine kwa mtu yeyote, kwani fedha hiyo itamfaa zaidi katika bati, mbuzi au ada ya shule.

Kwa mashine zote mbili, swali la kutangulia ni lile la matengenezo. Kabla ya kulipa, mnunuzi na amwendee fundi wa pikipiki aliye karibu naye, amweleze mashine anayoikusudia, na amwulize kama ataweza kuifungua na kuitengeneza. Kisha amtake muuzaji amwonyeshe betri ya akiba au kisu cha akiba kikiwa mkononi, si katika kitabu cha picha. Mashine ambayo majibu yake ni ndiyo kwa wote wawili ndiyo inayofaa kununuliwa Ngara na Biharamulo, iwe ya petroli au ya betri.