Sarafu za Akina Ptolemy: Kwa Nini Umri na Asili Yake Hubishaniwa

Sarafu za akina Ptolemy ni sarafu za dhahabu, fedha na shaba zilizotolewa na nasaba ya Kiyunani iliyotawala Misri kuanzia mwaka 305 hadi mwaka 30 kabla ya Kristo (KK).

Ugumu wa kuzitambua unaanzia kwenye jina, kwa kuwa wafalme wote wa nasaba hiyo waliitwa Ptolemy. Sarafu nyingi za shaba zina kichwa cha mungu Zeus-Amoni upande mmoja, na tai pamoja na maneno “ya Mfalme Ptolemy” upande wa pili, bila tarehe. Hata pale mwaka wa utawala unapoandikwa, haielezwi ni Ptolemy yupi. Kwa sababu hiyo wataalamu hulinganisha uzito, michoro, alama za viwanda na sarafu zilizofukiwa pamoja. Orodha ya Svoronos, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1904, imefanyiwa marekebisho makubwa na Catharine Lorber kuanzia mwaka 2018.

Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 baada ya Kristo, Periplus, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii. Sarafu ya Ptolemy yenye ushahidi thabiti ingeweza kurudisha nyuma historia ya biashara hiyo.

Mwaka 1912 Kapteni C. W. Haywood alipata sarafu huko Bur Gao, kusini mwa Somalia. Miongoni mwake zilikuwamo za Ptolemy na za Kirumi, zikiwa pamoja na za Kiislamu za karne nyingi baadaye. Kwa kuwa hazikufukuliwa kitaalamu, mwanaakiolojia Neville Chittick alitilia shaka thamani yake kama ushahidi wa biashara ya kale.

Hali ilikuwa tofauti Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na eneo likachimbwa kitaalamu. Dinari za dhahabu zilizokuwa pamoja nazo ziliwezesha sarafu za watawala wa pwani, ambazo hazina tarehe, kuwekwa katika karne ya 11.

Kanuni hiyo inahusu pia maeneo ya bara. Huko Dakawa, Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, watafiti wamechunguza vigae vya vyungu na mabaki ya uyeyushaji wa chuma cha kale. Vitu hivyo havina maandishi. Umri wake husomwa katika tabaka la udongo na mkaa uliomo. Kikishang’olewa bila kumbukumbu, ushahidi huo hupotea.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mwananchi anayekuta kitu cha aina hiyo, awe shambani au kwenye msingi wa nyumba, anapaswa kukiacha mahali pake bila kukisafisha wala kukiuza, na kutoa taarifa kwa uongozi wa serikali ulio karibu.