Majina ya timu moja: kutoka Saint-Georges mpaka Mazembe

Watu wakisikia neno «desturi», wanawaza paka ngoma, mahari, matanga na hadithi za bankambo. Hawakosei. Lakini sisi watu wa Lubumbashi tuko na desturi ingine ambayo haijafikisha miaka mia: siku ya Mungu, kiisha misa, watu wanashuka kuangalia mpira. Mu nyumba moja baba yuko Mazembe, mama yuko Lupopo, na watoto wanagawanyika. Mtoto anarithi timu sawa vile anarithi jina.

Katika maandiko haya tunataka kufuata majina ya timu moja tu, ile inayoitwa leo Tout Puissant Mazembe. Juu ya nini majina? Kwetu jina halitolewi bure. Anayekupa jina anasema: huyu ni wangu. Timu hii imebadilisha jina mara nyingi, na kila jina linatuonyesha ni nani alikuwa mwenye timu, ao aliyejidai kuwa mwenyewe.

1. Jina la misheni

Mji wetu, Élisabethville ya zamani, ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika wakawekwa mu cité. Hata mu mpira ilikuwa vile: weupe na mashindano yao, weusi na yao.

Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface walianzisha timu kwa wanafunzi wao, zaidi wale ambao hawakuwa na nia ya kuwa mapadri. Wakaiita Saint-Georges, jina la mtakatifu mlinzi wa maskauti. Mu shampiona yake ya kwanza ilitoka ya tatu. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul.

Mapadri walipenda vijana wao, hatukatai. Lakini tusidanganyane: mpira ulikuwa pia njia ya kuwachunga. Kijana anayekimbia nyuma ya mpira hana nafasi ya kunywa pombe, wala ya kukaa mu mikutano ambayo wakubwa hawaipendi. Hata hivyo kiwanja hakikubaki cha mchezo tu. Desemba 1941, watumikaji wa Union Minière waligoma juu ya mishahara midogo. Tarehe 9 walikusanyika mu kiwanja cha mpira hapa mjini, askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi aliyesema kwa jina la wenzake. Mkumbuke mwaka ule: timu yetu ilikuwa na miaka miwili tu. Pale ambapo mkubwa aliona mchezo wa kutuliza watu, watu waliona mahali pa kukutana.

2. Jina la mipira ya motokari

Kiisha, mapadri waliachilia uongozi wa timu, na ikachukua jina la Englebert. Englebert haikuwa mtakatifu! Ilikuwa sosiete ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya motokari. Basi mpira wa miguu ukabeba jina la mpira wa gari.

Hapa wasomaji vijana waelewe jambo moja. Wachezaji wa wakati ule hawakuishi kwa mpira peke yake. Walikuwa nusu watumikaji, nusu wachezaji. Asubuhi mtu yuko kazini, kwenye ofisi, kwenye reli ao kwenye kiwanda. Jioni anakuja kwenye mazoezi. Malipo yake ya kweli yalikuwa ile kazi: kumjua mupira kulimfungulia mlango wa sosiete, na sosiete ilimpa mshahara, nyumba na posho. Ndiyo maana timu zetu zilifungana na kazi. Jirani na mshindani wetu mkubwa, Saint-Éloi Lupopo, aliyezaliwa vilevile mwaka 1939, anaitwa mpaka leo timu ya watu wa reli, na mtakatifu Éloi ni mlinzi wa mafundi wa chuma.

3. Jina la ushindi

Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka ule ule Englebert ilikamata shampiona ya inchi, kombe la Congo na kombe la Katanga, yote matatu. Ni katika miaka hiyo ya ushindi timu ilipata kuitwa Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Hili halikutoka kwa padri wala kwa sosiete. Timu ililipata uwanjani, kwa miguu yake.

Kiisha ikatoka inje. Mwaka 1967 ilifika kwenye fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika na Asante Kotoko ya Ghana: 1-1 Kumasi, 2-2 Kinshasa. Mchezo wa tatu ulipangwa Yaoundé, Kotoko hawakufika, na kombe likatolewa kwa Englebert. Wengine walisema ni ushindi wa mezani. Mwaka 1968 Englebert ikajibu: 5-0 juu ya Étoile Filante ya Togo, na hata ilipopigwa 4-1 kule Lomé, kombe lilibaki kwetu. Ilikuwa timu ya kwanza mu Afrika kulichukua mara mbili kwa kufuatana. Fainali za 1969 na 1970 ilizifika pia, ikazipoteza. Ile ya pili ilipotezwa mbele ya Kotoko wale wale, na safari hii ilikuwa uwanjani. Mpira unalipa madeni yake.

Mwaka 1968 vilevile, Kalala Mukendi wa Englebert ndiye aliyepiga goli moja lililoipa Congo Kombe la Afrika, kule Ethiopia, mbele ya Ghana.

4. Jina la serikali

Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre. Majina ya kigeni yakakatazwa, ya watu na ya vitu. Katika mwendo huo Englebert ikawa Mazembe. Golikipa Kazadi na beki Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, walienda Kombe la Dunia 1974 wakiwa watu wa Mobutu kuliko watu wa Lubumbashi: serikali ilikataza wachezaji kwenda kucheza Ulaya, ikawapa zawadi waliposhinda na hasira waliposhindwa.

Mwaka 1980 Mazembe ilikamata Kombe la Washindi la Afrika. Nyuma yake, kimya cha miaka 29. Sababu iko wazi. Gécamines, iliyotoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, haikufikisha toni 50,000 mwaka 1993. Watumikaji wa reli walikaa miezi bila mshahara. Mti ukianguka, ndege waliojenga juu yake wanaanguka pamoja nao.

5. Jina la watu

Tangu 1997, chini ya uongozi wa mfanyabiashara Moïse Katumbi, wachezaji walilipwa ili wacheze tu. Matunda tunayajua: makombe ya Afrika 2009, 2010 na 2015, na kiwanja cha Kamalondo mwaka 2011. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya dunia ya vilabu, huku golikipa Kidiaba akirukaruka juu ya matako yake. Inter ya Milan ilitushinda 3-0, lakini dunia ilikuwa imeona. Mwaka 2015 Samatta, mtoto wa Tanzania, alitufungia magoli tukaelewana naye kwa Kiswahili. Mwaka 2024 mabinti wa Mazembe nao walikamata Kombe la Mabingwa la wanawake.

Lakini tuulize: tukitegemea mfuko wa mtu moja, tuko mbali na wakati wa sosiete? Padri alitoka, sosiete ya mipira ilitoka, Mobutu alitoka. Kila moja aliacha jina. Aliyebaki ni suporteri, na yeye pia ana majina yake ambayo hayakuandikwa na komiti yoyote: Kunguru, juu ya rangi nyeusi na nyeupe, na Badiangwena, ngwena ni mamba, yule anayeonekana mu alama ya timu na mpira mdomoni.

Sisi walimu tuko na kazi hapa. Wazee walioona fainali ya 1967 wanapungua kila mwaka, na picha zao zinaliwa na mchwa mu masanduku. Tuwatume wanafunzi kwao na daftari: nani alicheza, alitumika wapi, alilipwa nini, nani alimzika. Timu ambayo watu wake wanaandika habari zake, atakayekuja kesho kuipa jina lingine atalazimika kwanza kuwauliza.