Asili na Maenezi ya Jina Minani katika Nchi ya Mpanda

Jina Minani, lisikikalo Katumba na Mishamo katika mkoa wa Katavi, asili yake ni Burundi. Kwa Kirundi, Minani ni mtoto wa nane kuzaliwa; nane huitwa umunani, na msomaji ataona mara moja kuwa shina lake ni moja na la Kiswahili. Wenziwe ni Nyandwi, wa saba, na Bucumi, wa kumi.

Jina hili liliingia na wakimbizi wa mwaka 1972, likafika hata Ulyankulu, Tabora. Kwa desturi ya Warundi jina halirithiwi: ndugu wa tumbo moja huwa na majina mbalimbali. Lakini katika Tanzania mtoto huandikwa pamoja na jina la babaye. Hivyo hata kifungua mimba aweza kuitwa Minani.

Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania, nayo majina yao yakaingia katika daftari za nchi. Basi atafutaye koo kwa kulifuata jina Minani atapotea. Jina hilo lashuhudia lugha ya wazee, wala si udugu wa damu.